Namba Tisa Mwenye Uso wa Bugali

Kwaruu!

Kijiti cha kiberiti kilikwaruza gizani, kikakataa kuwaka.

Kwaruu! Kikakataa tena.

Concessa hakupumua. Juma zima, wapenzi wasomaji, mmemwacha hapo hapo: kati ya mafiga na mlango wa jiko, mguu mmoja juu, kikapu cha mihogo kichwani, na chini ya mihogo viatu vyake vya mpira, vile vyenye meno. Mguu umeshakufa ganzi. Basi tumshushe.

Kwaruu! Safari hii kikawaka, na nyuma ya moto ule mdogo ukatokea uso wa mama mkwe wake, Patricie.

"Nilijua tu," alisema Patricie.

Mguu wa Concessa ulishuka wenyewe. "Maman, naweza kueleza..."

"Nilijua unataka kuniacha!"

"Kukuacha... wapi, Maman?"

Patricie akainua kiberiti juu. Alikuwa amevaa. Tena si kuvaa kwa kwenda kuchota maji. Alikuwa amevaa Krismasi: pagne ya njano, kitenge chake cha sikukuu, kitambaa cha njano kichwani, rozari shingoni, na viatu vya kanisani ambavyo humfanya atembee kama bata. Moto ukafika kidoleni, akakitupa kijiti. Giza tena.

"Leo tunaenda Bukavu sisi bawili," ilisema sauti gizani. "Pagne ya Uwimbabazi nitachagua mimi mwenyewe. Ile yenye ulileta Pasaka ilitoa rangi, mashuka yote ikakuwa bleu. Mpaka mbuzi!"

Ni kweli. Mbuzi wao hadi leo ni wa bluu.

Concessa aliona dunia inamzunguka. Kwa wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, ngoja nikuambie ni kwa nini.

Concessa ni mke wa Vénuste, kijana wa kiwanda cha saruji kule Bugarama, anayerudi nyumbani Cyangugu mwisho wa juma na vumbi la saruji masikioni. Mama mkwe anajua kwamba mukazana wake huvuka kwenda Bukavu kununua pagne za kuuza. Na kweli hununua. Asichojua ni kwamba ng'ambo ile Concessa ni namba tisa wa AS Pilipili, timu ya wanawake wa soko la Nguba, na kwamba makipa wa Kivu nzima wakilisikia jina lake hutafuta sababu ya kuumwa.

Wachezaji wengine wakienda kucheza ng'ambo hupanda ndege, mama zao wakalia, wakapungiwa leso. Concessa huteremka mteremko, huvuka daraja la Rusizi na mihogo kichwani, na tayari yuko ng'ambo. Akigeuka nyuma anaziona nguo zake zikikauka kwenye kamba.

Mwaka huo, 2003, redio ilikuwa imetangaza kwamba vita ya Kongo imekwisha, na pande zote mbili za daraja watu walikuwa wanangoja kuona kama vita yenyewe imesikia tangazo.

Lakini nyumbani kwa Patricie kulikuwa na sheria iliyoishinda redio. "Mwanamuke hapigi mluzi, hapandi juu ya nyumba, hachezi mpira." Mbili za kwanza alizirithi kwa bibi yake. Ya tatu aliitunga mwenyewe siku Concessa alipoipiga teke avoka iliyokuwa inabingirika uani, ikapita juu ya kuku, ikaingia dirishani, ikavunja kibuyu cha maziwa.

"Siku nitasikia umecheza mpira," aliapa siku ile, "utarudi kwenu Nyakabuye na kikapu yako. Niyigena atabakia hapa."

Niyigena ni binti wa Concessa, miaka minne, yule anayelala ameshika sikio la mama yake kama mkono wa kikombe. Sasa umeelewa ni kwa nini Concessa hakupumua.

Na leo, kati ya siku zote, ndiyo siku ya fainali. AS Pilipili dhidi ya wanawake wa Uvira. Atakayeshinda anapanda ndege ya kweli kwenda kucheza Kinshasa. Kocha Cirhuza alishasema: "Mwenye atakosa finale, abakie auze pilipili mpaka Yesu arudi."

Na leo jioni, kati ya jioni zote, mtoto mchanga wa Uwimbabazi anapewa jina! Uwimbabazi ni mke wa mdogo wake Vénuste, nyumba ya pili uani, na kichanga chake kimetimiza siku nane. Watoto wa mtaa watakuja, watakula, watampa majina. Na anayewapakulia ni mukazana mkubwa. Yaani Concessa.

"Na mutoto tunabeba," Patricie aliongeza gizani. "Hatuwezi kumwacha na mbuzi ya bleu."

*

Jua lilipochomoza walikuwa darajani: Patricie mbele na mwendo wake wa bata, Concessa nyuma na kikapu, Niyigena mgongoni ameshika sikio.

Afisa wa kwanza, upande wa Rwanda, alimwona Concessa, akatabasamu hadi magego. Akainua vidole tisa.

Patricie akasimama. "Huyu anataka nini?"

"Anataka... anataka mihogo tisa, Maman."

"Tisa! Ana matumbo ngapi? Mupatie moja."

Afisa akapokea muhogo akiwa ameduwaa.

Katikati ya daraja wapagazi wawili wenye magunia ya maharagwe wakamwona. Hawakuweza kupunga, mikono imeshika magunia, lakini mmoja akasema, "Leo, Maman! Leo tuko nyuma yako!" na mwingine akajitahidi, akaachia gunia, akainua vidole tisa. Gunia likamwangukia mguuni.

"Na hawa?"

"Mihogo, Maman."

"Yebabawe, ku Kongo kuna njaa hivi? Bapatie, bapatie."

Upande wa pili askari akainua vidole tisa. Mwuza kadi za simu akainua vidole tisa. Sista mmoja wa shirika, mweupe peee, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainua vidole tisa chini ya shela. Patricie, ambaye moyo wake ulikuwa umeingiwa na huruma ya Kongo, aligawa mihogo kama padri anavyogawa komunyo, na kila muhogo ulipotoka Concessa alihisi viatu vinapanda juu.

Walipofika sokoni Nguba kikapu kilikuwa na mihogo miwili na kitambaa kilichofunika viatu.

"Sasa hii kikapu iko nzito juu ya nini?" Patricie aliuliza, akanyoosha mkono.

"Pagne!" Concessa alipiga kelele. "Maman, angalia, pagne!"

Patricie aligeuka. Na hapo mbele yake, kutoka chini hadi darini, zilining'inia pagne za Honorine. Mkono wake ukasahau kikapu.

Honorine ndiye kapteni wa Pilipili, mwanamke mpana mwenye sauti ya spika ya kanisa. Concessa akamvuta nyuma ya pazia.

"Ule ni nani?" Honorine alinong'ona.

"Mama mukwe."

"Umeleta mama mukwe ku finale?" Honorine alishika kichwa, akawahesabu wachezaji wake. "Sandrine alileta homa, Bahizire analeta bwana yake, weye unaleta mama mukwe! Ungebeba na ng'ombe."

"Saidia mi, dada. Akijua, ananinyanganya mutoto."

Honorine akaacha kushika kichwa. Yeye ana watoto sita na anajua sauti ya mama anayetania na sauti ya mama asiyetania. "Sawa," alisema. "Nitamuacha hapa na shangazi yangu. Mwanamuke akianza kugusa pagne zangu, hata kama nyumba inaungua, hatoki. Weye enda, pakaa dawa."

Concessa akarudi kwa mama mkwe. "Maman, naenda kutafuta samaki ya sambaza ya jioni. Kwenye ziwa. Mbali kidogo."

"Enda," alisema Patricie, uso ndani ya pagne yenye picha za jogoo. "Niyigena, kaa hapa na mi."

Niyigena alimtazama mama yake akienda na kikapu. Mtoto huyu hana maneno mengi. Macho ndiyo anayo.

*

Dawa ya kocha Cirhuza ilikuwa hii: unga wa muhogo uliokandwa na mafuta ya mawese, unapakwa usoni hadi unafanana na ukuta uliopigwa lipu. Cirhuza aliamini inawatisha maadui. Wachezaji waliamini inamtuliza Cirhuza.

Siku nyingine Concessa hupaka kidogo tu. Leo alichota kwa viganja.

"Nyuma ya masikio pia, coach."

"Ah! Munaona?" Cirhuza alitokwa na machozi. "Munaona muntu mwenye anaamini?"

Firimbi ikalia. Uvira walikuja na mlinzi mmoja aitwaye Mapendo, mrefu kama mlingoti, aliyecheka kila alipomwangusha mtu. Uvira wakafunga. Honorine akasawazisha kwa shuti lililotoboa wavu na kumwangusha mwuza karanga nyuma ya goli. Bao moja kwa moja. Mapumziko.

Kipindi cha pili Concessa alikuwa anakimbia na mpira kwenye winga ya kulia, anamwacha mmoja, anamwacha wa pili, na akainua macho kuona nani yuko katikati.

Akaona njano.

Safu ya mbele. Pagne ya njano. Kitambaa cha njano. Na mapajani pa ile njano, Niyigena, anakula karanga.

Mpira ukampita Concessa miguuni, ukatoka nje wenyewe.

Sasa ilikuwaje? Ilikuwa hivi: hakuna mtu aliyemfikiria shangazi wa Honorine. Shangazi wa Honorine ndiye mpiga ngoma wa timu. Na mwuza nyanya ni beki, na mwuza chumvi ni mfuaji wa jezi, na wengine wote ni mashabiki. Saa ilipofika soko zima liliinuka kama kundi la ndege, na Patricie akabaki katikati ya pagne, peke yake, na mjukuu.

"Banaenda wapi bantu bote?" alimwuliza aliyepita mwisho.

"Ku uwanja, ku stade, Maman!"

"Kuna kitu banagawa?"

Yule hakujibu, alishakimbia. Na Patricie, ambaye asubuhi nzima amegawa mihogo, akaona sasa ni zamu yake kugawiwa. Akafuata.

Concessa hakujua hayo. Alijua tu kwamba ile njano haifai kumwona. Akajificha nyuma ya Mapendo. Mapendo akahama, na Concessa akahama naye.

"Dada," Mapendo aliuliza, "weye ni mshambuliaji ao ni mukia yangu?"

"NAMBA TISA!" Cirhuza alilia pembeni, akavua kofia, akaikanyaga. "Dawa imeenda wapi?"

Na hapo, kama vile mambo hayajatosha, mvua ikaanza.

Matone ya kwanza yakatua usoni mwa Concessa. Unga ukanywa maji. Jua lilikuwa bado linawaka, mwili unatoka moto wa mbio, na wewe msomaji unayejua kupika unajua unga, maji na moto vikikutana vinazaa nini: ugali, au kama wasemavyo Bukavu, bugali. Mashavu yakavimba. Kidevu kikanenepa.

Mapendo aliinama, akamtazama kwa karibu. "Dada," alisema kwa wasiwasi wa kweli, "uso yako inaiva."

"Niache."

"Inaiva, nakuambia. Inabakia mboga tu."

Kona! Kona ya Pilipili, dakika za mwisho. Honorine akauweka mpira. Concessa akasimama mbali, mgongo kwa safu ya mbele, anamwomba Mungu mpira usije kwake na anamwomba Mungu huyo huyo wasifungwe. Akiinua uso, bugali utaanguka na mama mkwe atamjua. Asipouinua, kwaheri Kinshasa.

Ndipo sauti ikatoka jukwaani. Sauti ile anayoisikia kila asubuhi, kila jioni, kila siku anapokaa chini kidogo apumzike:

"WEYE NAMBA TISA! KIMBIA! MAHARAGWE INAUNGUA!"

Miguu ya Concessa haikuuliza. Miaka mitano imefundishwa. Ilimtoa pale aliposimama kama jiwe la manati, ikampitisha chini ya kwapa la Mapendo, ikamrusha juu, na mpira wa Honorine ukamkuta hewani, uso kwa uso.

PWAAA!

Mpira ukanasa. Kwa muda mfupi mpira na Concessa walikuwa kitu kimoja. Kisha ukaachia, ukaenda golini umebeba nusu ya uso wake: paji, pua, shavu la kushoto, vyote vimechapwa kwenye mpira kwa bugali mwekundu.

Kipa wa Uvira aliona kichwa cha mtu kinamjia bila mwili. Akafanya ambacho mimi na wewe tungefanya. Alipiga kelele "Maman yangu!" akaruka upande wa pili.

GOLI!

Na papo hapo, firimbi. Ndefu, kali, ya kupasua masikio.

Wachezaji wakasimama. Uvira wakainua mikono: firimbi imelia, goli si goli! Mwamuzi akatazama firimbi yake. Ilikuwa mfukoni.

"Haiko mi," alisema.

"Kama haiko weye, ni nani?"

Wote wakageuka kutafuta. Lakini Concessa, anayefuta jicho moja, alikuwa ameshaona. Alimwona Patricie amesimama juu ya benchi, viatu vya kanisani mkononi, vidole viwili mdomoni, mashavu yamejaa upepo. Patricie wa mwanamuke-hapigi-mluzi! Alimwona anashtuka, anachomoa vidole, anakaa chini, anatazama mvua kwa utulivu wa mshumaa wa altare.

Na Niyigena kando yake, karanga mkononi, anamtazama bibi. Kisha anautazama uwanja. Anaitazama ile nusu ya uso wa namba tisa iliyobaki bila bugali. Na lile sikio, hasa lile sikio.

"Nyogokuru," alisikika akisema, "ule ni..."

"Nyamaza, mutoto muzuri. Kula karanga."

Mwamuzi akaamua: firimbi imelia mpira ukiwa ndani, na si yake. Goli ni goli! Cirhuza akaiokota kofia, akaibusu, akaikanyaga tena kwa furaha.

Pilipili wanaenda Kinshasa!

*

Concessa alijiosha uso kwenye mtaro, akavaa pagne juu ya jezi, akachukua sambaza za mwuzaji fulani bila hata kuuliza, akakimbia hadi sokoni. Patricie alikuwa amekaa pale pale penye pagne za jogoo. Ameloa chepechepe.

"Maman, umeloa!"

"Paa inavuja," Patricie alijibu haraka, akitazama bati zima juu yake. "Na weye?"

"Sambaza. Bo banaishi mu maji, Maman."

Wakatazamana. Wote wawili wakaangalia pembeni. Katikati yao Niyigena alikuwa na andazi mkono wa kulia na andazi mkono wa kushoto. La kulia kampa bibi: "Usimwambie maman tulitoka hapa." La kushoto kampa mama, bibi alipogeuka kukamua kitambaa chake: "Usimwambie nyogokuru umeniona." Mtoto alikuwa amekaa kimya, anatafuna upande huu, anahamia upande ule.

Concessa alikuwa na siri ya mama mkwe mkononi, kubwa, ya moto, inayotosha kumtetea maisha yake yote. Lakini angesimama wapi aseme aliiona?

Darajani, kabla hapajafungwa, Patricie akasimama. Maji yalipita chini yamejaa udongo.

"Nilivuka hapa zamani, wakati wa kukimbia," alisema. Hakutania. "Tulienda wengi. Tulirudi wachache. Tangu ile siku sikuvuka tena."

"Najua, Maman."

"Apana, hujui. Kila ukivuka na kikapu yako, mi najifanya nachagua mchele. Sichagui mchele. Nahesabu mpaka urudi. Leo nilisema, wacha niende nione mwenyewe kule mukazana wangu anaendaka ni wapi."

Concessa akashusha kikapu. Alifungua mdomo. Nitamwambia, aliwaza. Nitamwambia sasa hivi, hapa hapa, na anitupe majini akitaka.

"Na nimeona kuko muzuri," Patricie aliendelea, sauti ikichangamka. "Kuko bantu ba maana. Kuko namba tisa moja... nilisikia tu, sikumuona! Nilisikia bantu ba soko banasema. Ana mguu kama nyundo. Anaruka hivi, anapiga na uso! Nilisikia." Akashusha pumzi. "Mi nasema, kama Vénuste angepata muntu kama ule..."

Concessa akafunga mdomo.

*

Jioni ile uani palijaa. Vénuste amerudi, saruji masikioni. Uwimbabazi amekaa mkekani na kichanga chake, pagne ya jogoo mabegani. Watoto wa mtaa wamezunguka ungo mkubwa wa maharagwe na mboga, wamekula, wamekunywa maziwa, midomo myeupe. Na kwenye kiti cha mbele amekaa Mzee Nzabonimana, kaka wa marehemu mume wa Patricie, mtu anayejua miiko yote na ambaye kwake Patricie huenda kushtaki wanaoivunja.

"Nani atasema sheria ya leo?" Mzee aliuliza.

"Mi nitasema!" Patricie akasimama, mkavu, mwenye heshima zake. "Leo ni siku ya batoto. Kila mutoto atatoa jina, na atasema juu ya nini. Mukubwa hacheki, mukubwa hakatazi. Leo mutoto hanyamazishwi. Mwenye atamunyamazisha, analetea mutoto muchanga bahati mbaya."

Watu wakapiga makofi.

"Mi namuita Redio," alisema mtoto wa kwanza. "Juu analia usiku yote."

"Mi namuita Avoka. Juu ya kichwa yake."

"Mi namuita Bleu. Juu napenda mbuzi yenu."

Mzee akaitikia kila jina kwa kichwa, kwa uzito, kama hakimu. Kisha Niyigena akasimama.

Concessa aliuwahi ungo. Akachota kijiko cha maharagwe. "Kula kwanza, mwanangu."

Wakati huo huo, kutoka upande wa pili, mkono mwingine ukafika mdomoni mwa mtoto na kikombe cha maziwa. "Kunywa kwanza, mujukuu wangu."

Kijiko na kikombe vikagongana. Concessa na Patricie wakatazamana juu ya kichwa cha Niyigena, kila mmoja ametoa macho: Concessa anajua mwenzake anaogopa nini, Patricie anajiuliza: sasa huyu mwenzangu anaogopa nini?

Fimbo ya Mzee Nzabonimana ikagonga ardhi. "Patricie! Concessa! Sheria imesemwa hapa sasa hivi. Mutoto hanyamazishwi."

"Muache aseme," alisema Vénuste, anatabasamu kwa fahari ya baba. "Sema, maman yangu mdogo. Unamuita nani?"

Kijiko kikashuka. Kikombe kikashuka. Hata mbuzi wa bluu aliacha kutafuna.

Niyigena alimeza lililobaki la andazi la kulia, akameza lililobaki la andazi la kushoto, akafuta mdomo, akamshika mama yake sikio, na akasema kwa sauti, watu wote wakasikia:

"Mi namuita Namba Tisa, juu maman alifunga goli na uso na nyogokuru alipiga mluzi."